Maswali ya wasomaji: Diklofenaki, bakteria na damu inayopotelea utumboni

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, yaani diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, naproksini, meloksikamu, piroksikamu na aspirini. Nimechagua tano na kuziweka pamoja kwa sababu zote zinarudi kwenye jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha kwenye dirisha la dawa, kwamba madhara ya dawa hizi hayaishii kwenye mfuko wa tumbo. Parasetamoli haimo katika kundi hili, nami nitaitaja kama mbadala tu.

SWALI: Ndugu mfamasia, nakusalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63 na magoti yananisumbua kwa muda mrefu. Yanapouma natumia diklofenaki, na siku hizi ni karibu kila siku. Kwa kuwa niliambiwa zinaharibu tumbo, sizimezi bila omeprazoli. Mwaka huu nimekuwa nikichoka sana, na kipimo kikaonyesha himoglobini imeshuka hadi 8.1. Nilipewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu, ikapanda, kisha ikashuka tena. Nimepigwa kamera ya tumbo nikaambiwa tumbo ni safi, halina kidonda. Sasa damu yangu inakwenda wapi? (Mwalimu mstaafu, Mwanza)

JIBU: Mwalimu, shikamoo, na pole sana kwa maumivu na kwa uchovu huo. Swali lako la mwisho ndilo hasa linalopaswa kuulizwa, na ningefurahi kama kila mtu anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu angelijua jibu lake. Kamera uliyopigwa huingia kwa mdomo, hushuka kwenye umio, hukagua mfuko wa tumbo na kuishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Baada ya hapo kuna takribani mita 6 za utumbo ambazo kamera ile haikuzifikia kabisa. Kwa hiyo ulipoambiwa tumbo ni safi uliambiwa kweli, ila ukweli huo unahusu sehemu fupi ya juu, na damu inaweza kuwa inavuja taratibu huko chini, matone machache kila siku, kiasi ambacho hata choo hakibadiliki rangi.

Ili uelewe kwa nini omeprazoli haikuweza kuzuia hali hiyo, inabidi tuanze na namna dawa zenyewe zinavyofanya kazi. Mwaka 1971 mwanasayansi John Vane, akiwa London, alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, na kwa ugunduzi huo alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazochochea maumivu na uvimbe kwenye goti lako, lakini hizo hizo ndizo zinazohimiza ukuta wa tumbo na utumbo kutoa ute wa kuulinda, kupata damu ya kutosha na kujirekebisha unapochubuka. Ukizizuia gotini, umezizuia na utumboni. Katika mfuko wa tumbo adui anayenufaika na upungufu huo ni tindikali, na omeprazoli hupunguza tindikali, ndiyo maana inasaidia pale. Katika utumbo mwembamba tindikali ya tumbo imekwisha kupozwa. Wanaoushambulia ukuta ulioachwa bila ulinzi huko ni nyongo, dawa yenyewe na bakteria, na juu ya hao omeprazoli haina la kufanya.

Jambo hili si dhana. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 713, na wakakuta vidonda vya utumbo mwembamba kwa asilimia 8.4 ya watu waliokuwa wametumia dawa za kundi hili, ilhali kwa wasiozitumia vilikuwa asilimia 0.6 tu. Kisha ikaja kamera ndogo ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni kidonge chenye taa na kamera ndani yake, na hupiga picha kadiri kinavyosukumwa na utumbo hadi kinapotoka kwa njia ya haja kubwa. Kwa mara ya kwanza ikawezekana kuuona utumbo mwembamba wote wa mtu aliye hai bila kumpasua. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2005, watu 40 wenye afya njema walipewa diklofenaki kwa wiki mbili, na pamoja nayo omeprazoli mara mbili kwa siku, na asilimia 68 kati yao walionekana kuwa na majeraha mapya kwenye utumbo mwembamba. Tafadhali zingatia kwamba hao walikuwa wazima, walitumia dawa kwa wiki mbili tu, na omeprazoli walikuwa nayo.

Ni kweli kwamba mengi ya majeraha hayo ni michubuko midogo inayopona yenyewe dawa ikiachwa, na wengi hawajui hata kama waliipata. Lakini kwa anayezitumia karibu kila siku, michubuko hugeuka vidonda, na vidonda hupoteza damu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa 4,484 wa viungo, ambapo kundi moja lilipewa diklofenaki pamoja na omeprazoli na kundi jingine likapewa selekoksibu, dawa ya maumivu iliyotengenezwa ili isiumize sana tumbo, peke yake kwa miezi 6. Madhara makubwa ya njia yote ya chakula, kuanzia juu hadi chini, yalitokea kwa asilimia 3.8 ya kundi la diklofenaki na omeprazoli, na kwa asilimia 0.9 ya kundi la pili. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kitu kile kile kilichokutokea wewe, yaani himoglobini kushuka kwa gramu 2 au zaidi. Nikisoma barua yako pamoja na matokeo hayo, nashindwa kuyatenganisha.

Hata hivyo sitaki uende ukabadilishe dawa kwa selekoksibu kwa sababu nimeitaja. Nayo ina tahadhari zake upande wa moyo, kama ilivyo diklofenaki yenyewe, na kwa watumiaji wa muda mrefu kamera imeonyesha majeraha hata kwa dawa za aina hiyo.

Ninachokuomba ni kurudi kwa daktari na kumwambia waziwazi idadi ya vidonge vya diklofenaki unavyomeza kwa wiki, pamoja na vile unavyonunua mwenyewe dukani, kwa sababu wagonjwa wengi huvisahau hivyo. Mwombe akusimamie uache dawa hizo, uendelee na madini ya chuma, na upime damu tena baada ya wiki kadhaa, kwani himoglobini ikipanda na kubaki juu baada ya kuacha, tumepata ushahidi mzito bila mashine yoyote. Kwa umri wako ni lazima utumbo mpana nao ukaguliwe, maana damu inayopotea bila kuonekana inaweza kutokana na uvimbe wa saratani, na sipendi jambo hilo liachwe kwa sababu tu tumeshapata mtuhumiwa mwingine. Kamera ya kumeza ni ghali na haipatikani katika hospitali nyingi za kwetu. Ikipatikana, mweleze daktari kama huwa unapata maumivu ya tumbo ya kubana na kujaa gesi baada ya kula, kwa sababu kwa baadhi ya watumiaji wa miaka mingi vidonda vinapopona huacha makovu membamba ya mviringo yanayouziba utumbo nusu, tundu likabaki dogo mno, na kidonge cha kamera kinaweza kukwama hapo. Makovu hayo yalielezwa na madaktari wa London mwaka 1988, na mara nyingine hayatibiki bila upasuaji.

Muulize daktari pia kama bado kuna sababu ya wewe kuendelea na omeprazoli, kwa kuwa ikitumika kwa muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, na chuma ndicho unachokitafuta. Kwa magoti, parasetamoli isiyozidi gramu 4 kwa siku, sawa na vidonge 8 vya miligramu 500, haina nguvu ya diklofenaki lakini haichubui utumbo kwa namna hii. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ina nafasi kubwa kwa ugonjwa wa magoti, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja yana nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

SWALI: Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu. Nimesoma mahali kwamba bakteria wa utumboni wanahusika na madhara ya diklofenaki. Sikuelewa. Diklofenaki si dawa ya kuua bakteria, sasa wao wanaingiaje katika habari hii? Na kama kweli wanahusika, kwa nini tusimpe mgonjwa antibiotiki pamoja na dawa ya maumivu? (Mtoa dawa, Songea)

JIBU: Nimefurahi kwamba swali hili limetoka dukani, kwa sababu dukani ndiko dawa hizi zinakotoka kwa wingi kuliko hospitali, na mtu anayeelewa sababu hutoa ushauri ulio bora.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ni wa mwaka 1977. Wapo panya wanaozalishwa na kulelewa katika vizimba visivyo na kijidudu chochote, kwa hiyo matumbo yao hayana hata bakteria mmoja. Watafiti waliwapa panya wa namna hiyo indomethasini kwa kipimo ambacho kwa panya wa kawaida hutoboa utumbo, na wale wasio na bakteria hawakupata vidonda vile. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba panya hao wakipandikizwa bakteria wa aina fulani, akiwemo E. koli, wanaanza kudhurika kama wenzao. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichotofautisha ni wakazi wa utumbo.

Maelezo yake yanaanzia kwenye ini. Diklofenaki ikishafyonzwa hupelekwa kwenye ini, na huko sehemu yake huunganishwa na asidi ya glukuroniki ili iweze kutolewa mwilini. Fikiria mzigo uliofungwa kamba tayari kwa safari: dawa iliyofungwa hivyo haina makali, nayo husafirishwa ndani ya nyongo na kumwagwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba ili itoke na choo. Kama utumbo ungekuwa mtupu, habari ingeishia hapo. Lakini kadiri unavyoelekea chini ndivyo bakteria wanavyoongezeka, na wengi wao wana kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi, ambacho kazi yake ni kuikata asidi ile ili bakteria wajipatie chakula. Wanapofungua mzigo wanaiacha dawa ikiwa huru tena, na kwa wingi, juu kabisa ya ukuta wa utumbo. Sehemu inaudhuru ukuta, sehemu inafyonzwa, inarudi kwenye ini, inafungwa upya na kumwagwa upya. Kidonge kimoja alichomeza mgonjwa asubuhi kinaweza kuupitia ukuta ule ule zaidi ya mara moja. Ndiyo maana panya waliofungwa mrija wa nyongo hawapati madhara hayo, na ndiyo maana dawa zinazozunguka kwa njia ya nyongo, kama diklofenaki na indomethasini, zina sifa mbaya zaidi kwa utumbo mwembamba. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitumia kemikali inayozuia kimeng'enya hicho cha bakteria bila kuwaua bakteria wenyewe, na panya waliopewa diklofenaki wakapata vidonda vichache mno. Hilo kwangu ndilo jaribio linalofunga hoja.

Kazi ya pili ya bakteria huja baada ya ukuta kulegea. Dawa ikiingia ndani ya seli za utumbo huvuruga mitochondria, ambayo ndiyo inayozalisha nishati ya seli, na seli zikikosa nishati viungio vinavyozishikanisha hulegea. Kupitia nafasi hizo bakteria na mabaki ya magamba yao hupenya hadi mahali pasipowahusu. Seli za kinga huyatambua mabaki hayo kupitia kipokezi kinachojulikana kama TLR4 na kupiga mbiu, chembe nyeupe za damu humiminika, na katika kupambana na bakteria huumiza na ukuta wenyewe. Mchubuko unakuwa kidonda.

Omeprazoli nayo imo katika simulizi hii, kwa upande usiotarajiwa. Tindikali ya tumbo huua sehemu kubwa ya vijidudu tunavyomeza, kwa hiyo ukiipunguza, aina na idadi ya bakteria wanaofika chini hubadilika. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walionyesha kwa panya kwamba omeprazoli na dawa ya jamii yake ziliongeza madhara ya dawa za maumivu kwenye utumbo mwembamba, kwamba bakteria wa jamii ya bifido walikuwa wamepungua, na kwamba waliporudishiwa bakteria hao madhara yalipungua. Haya ni matokeo ya panya, na tafadhali usimzuie mgonjwa mwenye historia ya kidonda cha tumbo asitumie omeprazoli kwa sababu hiyo, maana kidonda cha juu kinachotoka damu kinaua upesi. Ila pia usimwambie mtu yeyote kwamba akimeza omeprazoli amekingwa, kwa sababu hajakingwa.

Kuhusu antibiotiki, wazo lako si la ajabu, na wataalamu wamelijaribu. Mwaka 1992 wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kundi hili walipewa metronidazoli, na uvimbe wa utumbo pamoja na upotevu wa damu vikapungua. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya watu wenye afya waliopewa diklofenaki na omeprazoli kwa wiki mbili, ambapo waliopewa pia rifaksimini, antibiotiki isiyofyonzwa kwenda kwenye damu, walipata majeraha kwa asilimia 20, na wasiopewa kwa asilimia 43. Matokeo hayo yanatuthibitishia kwamba bakteria wanahusika, lakini hayatupi ruhusa ya kuyafanya kuwa tiba. Maumivu ya magoti na mgongo ni ya miaka, na huwezi kumpa mtu antibiotiki kwa miaka. Usugu wa vimelea dhidi ya antibiotiki umeshakuwa tatizo zito kwetu, na metronidazoli ni miongoni mwa dawa zinazouzwa ovyo kuliko nyingi. Nakusihi, kwa jina lolote lile usiifungashe pamoja na diklofenaki.

Yapo mambo ambayo unaweza kuyafanya leo kaunta yako ikiwa ile ile. Vile vidonge vinavyokatwa kutoka kwenye bamba na kutiwa katika bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1x2 au 1x3, bila jina la dawa, vina hatari kubwa, kwa sababu mgonjwa hajui anatumia nini. Kesho atakwenda duka jingine kununua ibuprofeni ya kichwa na kumeza zote mbili. Andika jina la dawa na idadi ya siku. Kabla ya kutoa, muulize kama ana dawa nyingine ya maumivu nyumbani, na umkumbushe kwamba vidonge vya mchanganyiko, kama vile Diclopar, vina diklofenaki ndani pamoja na parasetamoli, na kwamba vingine vina aspirini. Mteja akirudi kwa mara ya tatu mfululizo kwa maumivu yale yale, mpe rufaa.

SWALI: Hujambo? Mimi nina ugonjwa wa viungo na daktari wangu anasema siwezi kuacha dawa hizi kabisa. Jirani yangu ameniletea tembe za bakteria wazuri alizotumiwa na mwanawe kutoka Uingereza, na mama mkwe anasisitiza ninywe maziwa lala kila siku. Je, kuna lolote kati ya haya litakalonilinda? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Sijambo, dada. Wazo la msingi lina mashiko, kwa sababu kama bakteria waharibifu wanaongeza madhara, huenda bakteria wengine wakayapunguza. Ushahidi ulio bora zaidi ninaoujua kwa binadamu ni wa mwaka 2019. Watu 66 wenye afya walipewa aspirini ya miligramu 300 kila siku kwa wiki sita, na waliopewa pamoja nayo bakteria wa aina ya Bifidobacterium breve, chapa maalumu ya maabara iitwayo Bif195, walionekana kwa kamera ya kumeza kuwa na majeraha machache kuliko waliopewa tembe tupu. Ni habari njema, lakini inahusu chapa hiyo moja, aspirini peke yake, na watu wasio na ugonjwa. Bakteria wa jina moja hawana tabia moja, na tembe za jirani zinaweza kuwa na aina tofauti kabisa, au wakawa wamekwisha kufa kwa joto la safari na la kabati. Soma pakiti, kama haitaji aina kamili ya bakteria na namna ya kuwahifadhi, usiitegemee.

Maziwa lala, mtindi, mursik au togwa ni vyakula vizuri, na kama tumbo lako linavikubali sina sababu ya kukukataza. Kunywa kama chakula. Usiyahesabu kuwa kinga inayokuruhusu kuongeza dozi. Kinachopunguza madhara kwa uhakika ni dozi ndogo inayokutosha kwa siku chache kadiri inavyowezekana, na kwa mtu wa hali yako ni kipimo cha himoglobini angalau kila baada ya miezi michache. Ikiwa ugonjwa wako ni baridi yabisi ya kinga ya mwili, muulize daktari kuhusu dawa zinazotuliza ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, kwa kuwa mara nyingi zikishika kazi mgonjwa huhitaji dawa za maumivu kwa nadra.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori na mgongo unaniuma baada ya safari. Naogopa vidonda vya tumbo, kwa hiyo huwa nachomwa sindano ya diklofenaki badala ya kumeza. Nipo salama? (Dereva, Dodoma)

JIBU: Hapana, kaka. Sindano hupeleka dawa kwenye damu, damu huifikisha kwenye ini, na ini huimwaga kwa njia ya nyongo katika utumbo ule ule unaojaribu kuukwepa. Prostaglandini nazo huzuiwa mwili mzima, dawa iingie kwa makalio au kwa mdomo. Vidonge vya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa ni hivyo hivyo. Vidonge vyenye ganda linaloyeyukia chini ya tumbo huupumzisha mfuko wa tumbo kidogo na kuupelekea utumbo mwembamba mzigo. Sindano pia inaweza kusababisha jipu au kuumiza mshipa wa fahamu ikichomwa vibaya, na zipo sehemu nyingi za barabarani inakochomwa vibaya.

Jeli ya kupaka ni jambo tofauti, kwa kuwa kiasi cha diklofenaki kinachofika kwenye damu ni takribani asilimia 6 ya kile kinachofika kwa kumeza. Kwa mgongo haifanyi kazi vizuri kama kwa goti au kifundo, kwani misuli ya huko iko ndani zaidi. Kwa mgongo wa dereva ningeanza na kiti: egemeo linaloshika kiuno, na kushuka kutembea kila baada ya saa mbili. Maumivu yakishuka mguuni hadi wayo, au ukipata ganzi sehemu za siri, au haja ikitoka bila wewe kujua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Assalaam alaykum. Baba yangu ana miaka 71, aliwekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo, na anatumia aspirini ya miligramu 75 kila siku. Mgongo ukimuuma hununua ibuprofeni. Amesikia kwamba aspirini inatoboa utumbo, sasa anataka kuiacha. Nimzuie? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam. Ndiyo, mzuie, na umzuie leo. Aspirini ya baba inazuia damu isigande ndani ya kile kijibomba, na kuiacha ghafla bila daktari wa moyo kusema kunaweza kumletea shambulio la moyo. Ni kweli kwamba hata dozi ndogo ya aspirini huweza kuuchubua utumbo mwembamba, na kwa wazee wengine huleta upungufu wa damu wa polepole, lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo uliothibitishwa faida yake ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Dawa anayopaswa kuiweka kando ni ibuprofeni. Mbali na kuongeza madhara ya utumbo juu ya yale ya aspirini, ibuprofeni hukaa mahali pale pale ambapo aspirini inapaswa kushika kwenye chembe sahani za damu, na inaweza kuinyima aspirini nafasi ya kuulinda moyo. Mnunulie parasetamoli badala yake, na umweleze kwa heshima sababu, maana wazee wetu wakielezwa sababu hushika dawa vizuri zaidi kuliko wakiamrishwa.

Kliniki ijayo mwombe daktari mambo matatu. Ampime bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori, ambaye ni wa kawaida sana kwetu na huongeza vidonda vya juu kwa mtumiaji wa aspirini. Amwangalizie kama anahitaji dawa ya kupunguza tindikali, na kama anatumia pia klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, amchagulie isiyokuwa omeprazoli, kwa sababu hizo mbili hugongana. Kisha ampime himoglobini na kuiandika kwenye kadi, ili kipimo cha mwaka kesho kiwe na cha kulinganishwa nacho. Ikiwa damu itakuja kuonekana inapotea chini, zipo tiba za kuzungumza naye, ikiwemo misoprostoli, ambayo imeonekana katika majaribio kusaidia kuponya majeraha ya utumbo mwembamba kwa watumiaji wa aspirini, ingawa huharisha na si dawa ya kujinunulia.

Akipata choo cheusi tii chenye kunata ilhali hatumii vidonge vya chuma, au kizunguzungu anaposimama, au maumivu makali ya tumbo ya ghafla, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na mwende na pakiti zote za dawa alizotumia mwezi huo, pamoja na zile za dukani.